Huruma ya Kikristo isiishie kwenye pole

Mhariri,

Mto Nyando unapofurika na kuwafukuza watu wa nyanda za Kano makwao, makanisa yetu hapa Kisumu hutangaza maombi na kutuma salamu za pole. Ni jambo jema, lakini naona twaishia hapo mapema mno.

Katika Luka sura ya 10, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, wakapita kando. Msamaria alimhurumia, akamfunga majeraha akiyatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, na siku ya pili akamlipia dinari 2, akiahidi kulipa gharama yoyote itakayozidi atakaporudi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo inigusayo zaidi, kwa maana sisi husahau mara tu maji yanapokauka, ilhali mwathiriwa ndipo anarejea kwenye nyumba iliyojaa matope na shamba lisilo na mpunga.

Sisemi kwamba machozi hayana thamani. Yesu mwenyewe alilia pamoja na waliomwombolezea Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye siku 7 bila kunena neno, na kwa maoni yangu walimfaa zaidi wakati huo kuliko walipoanza kumtafutia kosa.

Kwa hiyo nawasihi wachungaji wetu wasiwaambie waathiriwa kuwa mafuriko ni adhabu ya dhambi zao, na kila ushirika uteue watu wa kuwatembelea hadi mavuno yanayofuata.

Muumini,
Kisumu