Bima ya paka mzee: mnacheka, ila nisikilizeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Najua hapo mezani kwako kuna barua za barabara, za maji, za bei ya sukari, na hii yangu ukiifungua utaguna, lakini naomba nafasi maana hii ishu imenikaa kooni tangu mwezi wa pili na hapa mtaani kwetu Soweto, Moshi, nikiianzisha tu watu wanahamisha stori.

Nina paka dume anaitwa Mangi. Ana miaka 14. Daktari wa mifugo aliniambia paka wa miaka 14 ni kama mtu wa miaka 72, yani mzee kanizidi mimi miaka minne na bado anaruka ukuta. Alikuwa anaruka, niseme ukweli. Mwaka huu nikaanza kuona anakonda mgongoni, alafu anakunywa maji mpaka unashangaa, bakuli naijaza asubuhi saa nne iko tupu, na mkojo ndo usiseme. Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, akaniambia mpe nusu panadol. Namshukuru Mungu sikumpa. Daktari alipokuja nikamtajia, akashika kichwa, akasema panadol kwa paka ni sumu kabisa, ini lake haliwezi kuivunja, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Wenye paka naomba hilo mlikate mliweke ukutani ata kama barua yote iliyobaki hamuisomi.

Basi akachukuliwa damu, majibu yakaja figo. Figo za paka mzee zikishachoka hazirudi kama zamani, unamtunza tu, chakula chake unakibadilisha, maji anakuwa nayo muda wote, na unampima kila baada ya muda. Daktari na usafiri wake elfu 30, vipimo elfu 85, dawa na drip siku tatu ikafika laki mbili na kitu. Mke wangu hakusema neno ila aliniangalia kwa jinsi ambayo waliooa wanaijua.

Sasa hapo ndo neno bima lilipoingia. Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, Leicester, ananipigia Jumapili, nikamweleza, akasema mjomba kwani Mangi hujamkatia bima? Nikacheka. Hakucheka. Kumbe kule ni jambo la kawaida, Uswidi walimkatia mbwa bima tangu 1924, Uingereza 1947, yani huku bado tuko chini ya mkoloni mbwa wa mzungu tayari ana karatasi. Yeye ana paka jike wa miaka 11, kila mwezi analipia.

Kesho yake nikavaa koti nikapanda daladala mpaka mjini, ofisi ya bima ya kwanza. Kijana wa kaunta, heshima zote, shikamoo mzee, karibu mzee, nikamwambia nataka kumkatia paka bima. Akanyamaza. Akaniuliza, gari aina gani mzee? Nikamwambia paka, nyau. Aliita wenzake. Ofisi ya pili hawakucheka ila waliniambia niende ya tatu. Ya tatu nilimkuta mama mmoja mtu mzima, huyo alinikalisha tukaongea, na alichonieleza ndo kilinifungua macho.

Akasema, baba, bima ya mifugo ipo, ng'ombe anakatiwa, anavalishwa hereni atambulike, akifa kwa ugonjwa au ajali unalipwa. Lakini ng'ombe ana bei. Ukimpeleka mnada wa Weruweru kila mtu anajua ni shilingi ngapi, kwahiyo kampuni inajua italipa nini. Huyo paka wako mnadani ni bei gani? Nikakosa jibu. Maana kweli Mangi nilipewa bure kwenye boksi la sabuni. Alafu akaongeza, bima ya ng'ombe inalipa kifo, wewe unataka ya matibabu, hiyo ni biashara nyingine kabisa, ni kama bima ya afya ya mtu.

Nimelifikiria hilo siku nyingi. Wengi wetu tunaposikia bima ya mnyama tunawaza fidia, mnyama kafa tupewe hela. Kwa paka hakuna fidia ya kudai, kitu kinachouma ni bili wakati bado yuko hai. Kwahiyo mtu yeyote akija kukuuzia "bima ya paka" swali la kwanza kabisa ni hilo, unalipa akifa au unalipa akiugua?

Na wa kuuza wameshaanza kuja, ndo sababu ya barua hii. Mwezi wa nne nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji wa mbwa na paka wa Moshi na Arusha, humo kuna jamaa anatangaza kadi ya matibabu ya mnyama, elfu 15 kwa mwezi, anasema ni bima, unatibiwa kila kitu bure, mnyama wa umri wowote. Watu wa Njiro huko walikuwa wanatuma hela mbiombio. Mimi nikampigia. Nikamwambia paka wangu ana miaka 14 na ana figo. Akasema hamna shida mzee wangu, tuma tu jina la paka. Ndugu Mhariri, mtu anayepokea paka wa miaka 14 mwenye figo bila kuuliza ata ana meno mangapi, huyo hana mpango wa kulipa. Nikamuomba mkataba, akanitumia picha ya kadi. Nikamuuliza kampuni gani ya bima iko nyuma yako, imesajiliwa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima? Akasema hiyo iko kwenye mchakato. Kesho yake nikatolewa kwenye grupu.

Sisemi jamaa ni tapeli, labda ni mtu wa kliniki anatafuta wateja, na kliniki kukupa punguzo ukilipia kila mwezi sio dhambi. Ila hilo ni punguzo, sio bima. Siku kliniki ikifungwa na hela yako imefungwa nayo. Bima hapa kwetu ina mwenyewe, kuna Sheria ya Bima ya 2009 na kuna TIRA anayetoa leseni, gari lako unahakiki bima yake kwenye simu kwa namba tu, na ukidhulumiwa yupo msuluhishi wa migogoro ya bima unapeleka lalamiko. Kwa kadi ya WhatsApp utampelekea nani? Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena ndani ni paka.

Nirudi kwa mpwa wangu maana huyo alinitumia mkataba wake wote, nikausoma siku mbili na miwani, na nataka niwaambie nilichokiona ili kampuni zetu zikianza (zitaanza tu, nyumba za Arusha zenye mbwa na paka wa kununuliwa zinaongezeka kila siku) tusiingie kichwa kichwa.

Kwanza ugonjwa wa zamani. Kitu chochote ambacho mnyama alikuwa nacho kabla ya kukata bima hawalipi, na sio lazima kiwe kimepewa jina, ukiandikwa tu kwenye faili kwamba paka anakunywa maji mengi na bima umekata wiki iliyofuata, figo hiyo ni yako. Alafu kuna muda wa kusubiri, kwa ugonjwa mara nyingi ni wiki mbili tangu ukate, akiugua humo ndani imekula kwako. Maana yake kwa Mangi, ata tungekuwa Leicester, bima ya leo isingegusa figo zake. Ningetakiwa kumkatia akiwa na miaka miwili anakimbiza mijusi. Na kule kuna kampuni hazimpokei paka mpya akishavuka miaka 8 au 10, aliyeingia mapema ndo anaendelea nao.

Pili, na hapa ndo pabaya zaidi kwa mnyama mzee, ni jinsi wanavyohesabu kikomo. Kuna mikataba inalipa ugonjwa kwa miezi 12 tu, mwaka ukiisha ugonjwa huo wameufuta. Kuna inayotoa kiasi fulani kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Na kuna ile ambayo kiasi kinajazwa upya kila mwaka ukiendelea kulipia, ndo ghali kuliko zote. Sasa magonjwa ya paka mzee ni yapi? Figo, kisukari, tezi ya shingoni (ile anakula kama ana kazi ya zege lakini anakonda), viungo, meno. Hayo mengi hayaishi kwa miezi 12, hayo ni ya kuzeeka nayo. Kwahiyo ule mkataba wa bei rahisi wa mwaka mmoja kwa paka mzee ni sawa na mwavuli unaofungwa mvua ikishaanza kunyesha.

Mpwa wangu nusura aingie hapo. Paka wake ana hiyo ya tezi, anakula vidonge kila siku, na bima ilikuwa inapanda kila mwaka, paka akizeeka na wao wanapandisha. Akaona kampuni nyingine rahisi karibu nusu, akataka kuhama. Bahati akauliza kwanza. Ukihama tu, tezi inakuwa ugonjwa wa zamani kwa kampuni mpya. Kwahiyo amekwama, analalamika ila analipa, na kampuni inajua amekwama.

Tatu, hela inayobaki kwako. Nilidhani ukiwa na bima wanalipa yote. Paka wake alipovuka 10 mkataba ukabadilika, kila bili yeye anabeba asilimia 20 juu ya kile kiasi cha mwanzo anachokatwa. Mfano alionipigia, bili paundi 600, unatoa paundi 100 ya kwako, inabaki 500, asilimia 20 ya hiyo ni 100 nyingine ya kwako, bima inalipa 400. Na mara nyingi unalipa wewe kwanza daktari alafu unadai, sio kwamba unaonyesha kadi unaondoka. Nikajiuliza kwetu huku ukishalipa laki tatu taslimu, hiyo kampuni itarudisha lini, na kwa karatasi ipi? Maana daktari wangu, kijana mzuri sana, risiti yake ni meseji.

Na hapo sio kampuni tu, ni sisi na madaktari wetu pia. Bima yoyote inaishi kwa kumbukumbu. Mangi kwa miaka 14 ana karatasi moja tu, ya chanjo ya kichaa cha mbwa, basi. Hakuna anayejua alikuwa na kilo ngapi akiwa na miaka mitano. Kule mkataba unataka apimwe meno kila mwaka, ukiruka dai la meno linakataliwa, na paka akishavuka miaka 10 madaktari wanashauri aonwe kila miezi 6. Kwahiyo ombi langu kwa madaktari wa mifugo wa Kilimanjaro na Arusha, hebu wapeni wanyama wetu daftari. Daftari la shule la elfu moja, tarehe, uzito, dawa, sahihi na mhuri. Siku bima ikija tutakuwa na cha kuonyesha, na isipokuja daktari mwingine atajua pa kuanzia.

Kwa TIRA ombi langu ni fupi. Semeni hadharani hizi kadi za kliniki zinazojiita bima ni bima au sio bima. Watu wanatuma hela sasa hivi.

Mimi kwa upande wangu nimenunua kibubu pale Mbuyuni, naweka elfu 10 kila mwisho wa mwezi, kimeandikwa Mangi kwa mafuta ya rangi na kiko juu ya kabati ambako mke wangu hafiki. Najua hesabu yake ni mbovu, akiugua tena baada ya miezi mitatu nina elfu 30 tu, na bima ya kweli ingenibeba hapo. Lakini kwa mnyama ambaye tayari anaumwa na ameshazeeka sijaona mkataba wowote, wa huku au wa kule, ambao ungemfaa kuliko hicho kibubu. Angekuwa kitoto ningeongea mengine. Tena binti yangu kaleta kitoto, jike, miezi minne, na huyo ndo namtafutia.

Kwahiyo kama kuna kampuni yenye leseni inayosoma gazeti hili na ina mkataba wa matibabu ya paka, wakuletee nakala hapo ofisini, Ndugu Mhariri, na wewe uichape yote pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Miwani ninayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Soweto, Moshi