Maji ya Mafuriko Hayaui Mende wala Mchwa

Kila masika, maji ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, yanapopungua na watu wa Jangwani na Kigogo wanapoanza kutoa tope ndani, wateja hutuuliza swali lile lile: nyumba imekaa majini siku mbili, je, bado kuna haja ya kupuliza dawa? Ni swali la haki, kwa kuwa aliyekwisha kupoteza godoro na unga hapendi kulipia kazi ambayo huenda maji yameifanya bure. Kwa bahati mbaya, maji hayajaifanya.

Mdudu hana mapafu. Hewa humwingia kwa vitundu vidogo vilivyojipanga ubavuni mwake, ikapita katika mirija myembamba hadi kwenye kila kiungo. Akizama huvifunga vitundu hivyo, na kwa kuwa mwili wake hautumii nguvu kujipasha joto kama wetu, hewa kidogo iliyobaki ndani humtosha kwa muda mrefu. Mende hustahimili takriban nusu saa. Tuliwahi kumzamisha mmoja kwenye chupa kwa dakika 20, tukamzuia kwa kipande cha chandarua asielee. Tulipomtoa alikuwa chali, miguu imekunjamana, na kijana wetu akataka kumtupa. Tukamlaza juu ya gazeti kavu, na baada ya muda kipapasio kimoja kikacheza, kisha cha pili, kisha akajipindua na kukimbilia chini ya kabati. Maji ya sabuni ni jambo jingine, kwani sabuni huyawezesha kupita kwenye ngozi yake yenye nta na kuziba vile vitundu.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni mchwa. Utafiti uliofanywa Marekani juu ya mchwa wa ardhini ulionyesha kwamba ilichukua kati ya saa 11 na 20 hivi, kutegemea aina, ndipo nusu yao wafe, na wakiwa majini hulegea wasitikisike hata mtu akadhani wamekwisha. Mjini New Orleans, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, mitaa ilikaa majini kwa wiki kadhaa na bado makundi ya mchwa yalikutwa hai, kwa sababu viota vyao ndani ya miti na kuta vilihifadhi hewa.

Kinachoondoka na mafuriko ni dawa. Ile iliyopulizwa sakafuni na pembeni mwa kuta husombwa au kufunikwa na tope, wakati huo huo mende waliokuwa kwenye chemba na mitaro wamefukuzwa na maji na kupanda ndani. Hata hivyo, tunawaomba wateja wasituite siku ile ile maji yanapotoka, maana dawa haishiki vizuri kwenye ukuta uliolowa, na hatupendi kupokea fedha kwa kazi ya namna hiyo. Ondoeni tope, fungueni madirisha, acheni kuta zikauke.

Mkisubiri, kagueni fremu za milango na nguzo za paa. Mkiona njia ya udongo ya mchwa, vunjeni kipande chake cha urefu wa kidole na mwache sehemu iliyobaki kama ilivyo. Rudini kuitazama baada ya siku mbili au tatu. Mkikuta pengo limezibwa kwa udongo mbichi, mchwa wako hai, na hapo tupigieni.