Tuandikiwe bei ya kilo kwa rafu

Mhariri,

Juzi jioni nikitoka job niliingia supamaketi moja hapa tauni kutafuta mkate wa gramu 400, hiyo tu, na nikatoka na begi mbili (begi zenyewe pia nikauziwa, si unajua karatasi za nailoni zilipigwa marufuku 2017). Mkate wao huweka nyuma kabisa, so lazima upite biskuti, upite sabuni, upite masufuria, na kila kona kuna kibandiko chekundu cha OFA. Hapo ndio nilishikwa. Sukari ya kilo mbili ilikuwa 339 nikaibeba mbio kama kuna mtu ananinyang'anya, kufika nyumbani mke wangu anasoma risiti ananiuliza, baba, na ile ya kilo moja umeona ni 165? Mbili ni 330. Yaani nililipa 9 bob zaidi juu ya rangi nyekundu!

Siwezi sema niliibiwa, bei ilikuwa imeandikwa na ni mimi sikupiga hesabu. Lakini nani hupiga hesabu saa moja jioni akiwaza foleni ya steji? Na hizo 339, 199, 99 si bahati mbaya, jicho linashika namba ya kwanza hizo zingine linaruka.

Kuna watu hucheka wale wa kadogo, wa kununua kidogo kidogo, eti hawajui kununua. Jirani yangu hununua mafuta ya kupika ya 20 bob kila jioni, ya kupima, na ni kweli mwisho wa mwezi analipa kushinda mwenye alinunua mtungi. Lakini yeye hulipwa kwa siku, pesa ya mtungi mzima ataitoa wapi kwa mpigo, na anasema mafuta yakijaa kwa nyumba mkono nao unakuwa mwepesi. Makampuni yaliona hiyo kitambo ndio sabuni, majani chai, hadi mafuta ya kujipaka iko kwa sacheti. Na heri yeye, anapimiwa akiona, akinung'unika anaongezwa tone. Hata soko la Gikomba ukikataa bei, ukitembea hatua tatu unaitwa, kuja basi leta mia. Supamaketi ukienda umeenda, hakuna mtu anakuita.

So ombi langu ni dogo. Chini ya kila bei kwa rafu waandike kilo moja inatoka ngapi, ama lita, tena kwa maandishi ya kusomeka si ya mchwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya hivyo 1998, na Katiba yetu kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji. Kompyuta ya keshia inajua hizo hesabu zote, kuprinti laini moja zaidi itawagharimu nini?

Na ule mkate nilisahau. Ilibidi nitume mtoto kwa duka la hapo chini.

Mnunuzi,
Umoja, Nairobi