Barua kwa Zubeda: ile ramani ya akina mama wa mpakani

Busia, Jumapili jioni

Dada Zubeda,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu (bado naandika barua kama marehemu babu, usicheke). Mama anakusalimu, Baba Rehema anakusalimu, hata yule Opio wako anakusalimu na anauliza kama bado una hasira. Nimemwambia bado.

Najua nimekaa kimya mno. Sababu utazisikia kwa Mama Sauda, na kwake zitakuwa tamu kuliko nikizieleza mimi. Leo nina jambo moja, ile ramani ya nani anamtegemea nani sokoni, na nahitaji jibu lako kabla ya Ijumaa.

Unakumbuka kazi ya vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama wafanyabiashara. Tulizunguka mtaa wa Sofia, sokoni, mpaka Majanji ziwani kwa wauza mukene, dagaa wale, tukiuliza maswali yale yale. Ukikwama mtaji unamwendea nani? Mzigo wako ukichelewa kuvuka, unalala kwa nani? Bei ya upande wa Kenya unaisikia kwa nani? Kila mama anakuwa nukta, kila jina alilolitaja linakuwa mstari. Mwanzoni Gephi, ile programu ya kuchora mitandao ya watu, inakuonyesha fujo tupu, kama mkeka uliofumuka. Halafu nukta zinazohusiana zinaanza kuvutana, na soko unalolipita kila siku linajipanga mbele yako: wauza mayai Wateso kona ile, Wasamia wa samaki kona hii, wa mitumba wamejitenga wanaringa vile vile kama wanavyoringa sokoni.

Kinachoninyima usingizi ni nukta moja. Ukihesabu tu nani katajwa na wengi, anaongoza mwenyekiti, na naapa nusu ya waliomtaja walimtaja kwa woga. Lakini nilipotumia kile kipimo cha Linton Freeman cha 1977, kinachoangalia ni mara ngapi njia fupi kati ya watu wawili inampitia mtu wa tatu, mwenyekiti akaporomoka. Akapanda mwanamke asiye na cheo chochote. Unamjua, ndiye aliyekufichia simu siku ile ya vurugu. Jina lake siliandiki hapa, utaona kwa nini. Anauza vitunguu kwa mafungu. Kazaliwa Teso, kaolewa Usamia, anasema Kiteso, Kisamia, Kiswahili, na Kiganda cha kupatania bei. Mzigo wa wauza mayai unalala kwake. Mama wa Majanji akipungukiwa, huyu ndiye anayejua nani ng'ambo ana pesa wiki hii. Nilimfuta kwenye picha, kubonyeza mara moja tu, na soko likagawanyika mapande mawili.

Nilifurahi, sikatai. Nilimwita hata mlinzi aje aone, akasema ni nzuri, akaniomba pesa ya chai.

Sasa wafadhili wameiona picha kwenye ripoti ya awali na wanalitaka faili lenyewe, na majina yote. Wana mpango wa mikopo mipya. Watachagua akina mama walio katikati ya mtandao, wawape simu na kamisheni, wawe mawakala wa kueneza mikopo na kufuatilia marejesho. Kufuatilia marejesho, Zubeda! Mtu ambaye Wateso na Wasamia wanamwamini kwa sababu hana upande, leo umpe daftari la wadaiwa? Haitafika msimu wa mahindi atakuwa amekwisha. Nani atalaza mzigo kwake tena?

Na mikopo ndiyo nafuu. Wewe unajua mizigo mingine inavyopita. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018, foleni zikapungua, lakini mama mwenye trei chache za mayai bado anapita njia ya panya kwa sababu ndiyo aliyopitia mama yake. Swali langu la mzigo kulala lilikuwa la utafiti tu. Faili hilo likiangukia mkononi mwa mtu mwenye sare, linakuwa orodha ya milango ya kubisha usiku.

Nimemkumbuka sana Bruce Kapferer, yule mwanaanthropolojia tuliyefundishwa habari zake na mwalimu wetu wa koti la kahawia. Karakana ya mafundi cherehani kule Zambia, watu 39. Akaandika nani anapiga soga na nani na nani anamsaidia nani kazini, mara mbili, miezi saba katikati. Baada ya mara ya kwanza mgomo ulijaribiwa ukashindikana, baada ya mara ya pili ukafaulu, na ramani ya pili ilionyesha watu wameshikamana zaidi. Kitabu kilitoka 1972, mambo yamekwisha. Darasani tulishangilia wote. Hakuna aliyeuliza ingekuwaje kama ramani ile ya pili ingefika mezani kwa mwenye karakana kabla mgomo haujaanza.

Najua utakachojibu. Utanitajia Mayuge, maana siku hizi tangu uingie idara ya afya hujui wilaya nyingine. Sawa, tuiseme Mayuge. Makala ile ya 2017: urafiki wa watu 16,357, kaya 3,491, vijiji 17, na watafiti wakifuatilia dawa za minyoo zinavyogawiwa nyumba kwa nyumba. Pale ramani ilikuwa ya kuwasaidia watu, nakubali. Lakini isome tena, dada. Kila kijiji kilikuwa na wagawaji wawili, na waliofikisha dawa kwa wengi na kwa haraka ni wale ambao marafiki zao nao ni marafiki wao kwa wao. Kuwa katikati ya mtandao hakukuhusiana na kuenea kwa dawa. Mkopo wa wakala nao unaenea vile vile, lazima wakala amfikie mtu mwenyewe. Kwa hiyo hata ukiyaweka maadili pembeni, wanamtaka mama wa vitunguu kwa sababu ambayo utafiti wa hapa hapa Uganda hauiungi mkono! Marafiki zake hawajuani hata kidogo, ndiyo maana kipimo cha Freeman kimempandisha. Hili nilimweleza bosi, akaniambia niliandike kwa kifupi. Umeme ukakatika, tukaachana hapo.

Bosi anasema suluhisho ni kufuta majina tuweke namba. Hebu fikiria: namba fulani, mwanamke, muuza vitunguu, peke yake ndiye anayewaunganisha wauza mayai na wauza samaki. Nani hapa Busia hatamjua? Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, watafiti wa kompyuta, 2009, walichukua mtandao wa Twitter uliofutwa majina wakaulinganisha na wa Flickr, ule wa kuwekea picha. Kati ya watu waliokuwa na akaunti kote kuwili, waliwatambua theluthi moja kwa umbo la mahusiano peke yake, makosa asilimia 12 tu. Hao walihitaji kompyuta. Sofia atatosha Mama Sauda na kikombe cha chai.

Tena kuna hili linalonisumbua zaidi. Karatasi za ridhaa tunazo, dole gumba la kila mmoja lipo. Lakini mama wa vitunguu aliridhia kujibu ya kwake. Hakuridhia yale ambayo wenzake waliyasema juu yake, na hayo ndiyo yaliyomweka pale. Hata angekataa kuhojiwa, angekuwa pale pale katikati, kwa vinywa vya watu. Ridhaa ya namna gani hiyo? Kwenye dodoso la kawaida anayekataa anatoka kwenye data na mambo yanaisha. Kwetu hatoki.

Pendekezo langu ni wapewe jedwali la kikundi kwa kikundi tu: viungo vingapi kati ya mayai na samaki, vingapi kati ya samaki na mitumba, bila mtu mmoja mmoja. Na swali la mzigo litolewe lote. Bosi ananiona mkorofi. Anasema wafadhili wamelipa, data ni yao, na mwaka ujao tunahitaji fedha zao tena. Hapo mwisho hajakosea, mshahara wangu mwenyewe unatoka humo.

Juzi nilimpitia mama huyo nikanunua vitunguu nisivyovihitaji. Nilikusudia kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, mwanangu, ile kazi yenu ya maswali italeta mkopo lini? Macho yanamng'aa. Nikabaki nachagua vitunguu. Labda anautaka huo uwakala, Zubeda. Ana binti anayeingia sekondari na paa linalovuja. Mimi nani nimchagulie asionekane? Lakini akiambiwa tu "umechaguliwa", bila kuambiwa amechaguliwa kwa sababu gani na nani mwingine ataiona sababu hiyo, hapo kachagua nini?

Nimeandika mpaka mkono unauma na bado sijafika kwenye ombi. Ombi ni hili: niandikie kurasa mbili, kwa lugha yenu ya takwimu inayotisha wakubwa, kueleza kwa nini faili hili halifichiki hata likifutwa majina. Tia ya Mayuge humo, wataiheshimu. Mimi nikisema, ni Aisha analeta ukaidi wake. Wewe ukisema, ni mtaalamu kutoka Arua.

Na unijibu haya. Huko kwenu, ramani za watu mnazihifadhi wapi, na nani ana ufunguo? Kamati ya maadili tunaweza kuirudia baada ya data kukusanywa, au mlango umeshafungwa? Je, nimwambie mama wa vitunguu yote, pamoja na ile picha, au nimwambie tu kuna uwakala unakuja? Akiona picha na kusema nipeni huo uwakala, wewe ungefanyaje? Na wale waliomtaja, nao waulizwe? Unafikiri bosi akilitoa faili bila mimi nitakuwa na la kufanya? Unaweza kupanda basi uje Alhamisi, ulale hapa, tuingie kikaoni pamoja?

Jibu kwenye barua pepe yangu binafsi, ya ofisini inasomwa na watu.

Wako,
Aisha