Mwanangu, mnofu ukaushe kwanza

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniandikia kwamba minofu ya sangara unayonunua huko Dodoma inakutesa: ukiikaanga inamwaga maji na kumeguka, ukiitia kwenye mchuzi inageuka makombo, na watoto wanaisukuma pembeni mwa sahani kwa sababu imekauka. Usijilaumu, na wala usiongeze viungo. Umezoea samaki mzima, ambaye ngozi na mifupa humshikilia hata moto ukizidi. Mnofu wa kiwandani umeshavuliwa vyote viwili. Imebaki nyama tupu, na nyama ya samaki mweupe hushikwa na utando mwepesi tu, unaoyeyuka mapema motoni. Ndiyo maana kuna mambo mawili ya kuyasimamia: maji yaliyomo kwenye mnofu, na dakika unazouacha motoni. Ukiyaweza hayo, chumvi na ndimu vinakutosha.

Anzia dukani. Tazama mfuko kabla hujautia kwenye kikapu. Ukikuta chenga kubwa za barafu zimejaa ndani, au minofu imeshikana bonge moja lililopinda, uwezekano mkubwa ni kwamba iliyeyuka njiani ikagandishwa tena. Hiyo itamwaga maji kikaangoni ufanye ufanyalo, kwa hiyo iache. Kingo nyeupe zilizokauka zimenyonywa maji na baridi ya friza. Hazina madhara, ila zitakuwa ngumu, zikate tu. Ukipata minofu mibichi, ibonyeze kwa kidole: nyama nzuri hurudi pale pale, iliyochoka hubaki na shimo. Na yenye harufu ya kuchoma pua usiichukue hata ukipunguziwa bei.

Kwa ninyi wawili na watoto watatu, gramu 650 zinatosha, yaani kama 170 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto.

Kuyeyusha kunataka utulivu. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, hamisha minofu kutoka kwenye friza, iweke kwenye bakuli sehemu ya chini ya friji. Ukisahau, funga mfuko vizuri uutumbukize kwenye maji baridi, nusu saa hadi saa moja. Usiiache mezani mchana kutwa, nje itaanza kuharibika ndani kukiwa bado barafu. Maji ya moto ndiyo mabaya kabisa: sehemu ya juu ya nyama huanza kuiva kabla hujawasha jiko.

Ikishayeyuka, tafuta miiba. Pitisha ncha ya kidole polepole kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, kisha rudi. Sangara wa kiwandani mara nyingi ameshatolewa miiba, lakini kwa watoto wadogo usitegemee hilo. Sato ana mstari wa miiba katikati ya nusu ya mbele. Usihangaike kuing'oa mmoja mmoja, kata pande zote mbili za mstari huo utoe ukanda mwembamba. Ule mstari wa nyama nyekundu upande uliokuwa na ngozi ndio wenye ladha kali. Kama watoto wanalalamikia shombo, ukwangue kwa kisu.

Sasa maji. Yeyusha vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kwenye lita moja ya maji baridi, loweka minofu dakika 10, isizidi 15. Chumvi huikaza nyama kidogo, huikoleza, na hupunguza ule utomvu mweupe unaotoka samaki anapoiva. Utomvu huo si uchafu, ni protini ya samaki mwenyewe, na ukitoka mwingi ujue moto umezidi. Ukishaitoa kwenye maji ya chumvi usiongeze chumvi nyingine. Iweke juu ya kitambaa safi, ifunike kwa kingine, bonyeza kwa kiganja, geuza, bonyeza tena. Rudia kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke bila kulowa. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo chakula kinapoharibika, kwa sababu mnofu wenye maji haukaangiki, unachemka kwenye mafuta.

Kuhusu ndimu, najua desturi ya kuloweka samaki kwa ndimu na chumvi tangu mchana. Kwa samaki mzima inavumilika. Kwa mnofu, ukali wa ndimu huibadilisha nyama ikawa nyeupe na ya unga-unga kabla haijaona moto. Dakika 10 zinatosha, lakini mimi ningekuomba uikamulie mezani.

Kukaanga: tumia kikaango kizito na vijiko vitatu vya mafuta. Kwenye sahani changanya vijiko vinne vya unga wa ngano, kimoja cha unga wa dengu, nusu kijiko cha chai cha manjano na pilipili manga kidogo. Paka kipande unga, kung'uta uliozidi, na kiende kikaangoni papo hapo. Ukipaka vyote ukaviacha vikisubiri, unga hunywa maji ya samaki, unakuwa uji, na utaganda chini badala ya kubaki juu ya kipande. Mafuta yako tayari pale chembe ya unga inapochachatika mara tu inapogusa. Weka vipande visigusane. Vikibanana, mvuke hauna pa kutokea na kikaango kinapoa.

Kisha usiviguse. Kipande cha unene wa sentimita mbili kinataka dakika tatu hadi nne upande wa kwanza. Ukijaribu kukiinua kikakataa, bado hakijawa tayari, kipe dakika nyingine. Kikishapiga rangi kinajiachia chenyewe. Geuza mara moja tu, kwa mwiko mpana, umalizie dakika mbili au tatu. Ili kujua kimeiva, chomeka ncha ya kisu pale palipo pana zaidi, izungushe kidogo. Nyama mbichi ni ya kioo na inashikana. Iliyoiva ni nyeupe ya maziwa mpaka katikati na inaachana kwa matabaka. Ikiachana tu, toa. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, nyuzi joto 63 ndani zinatosha.

Siku unayorudi umechoka, usikaange. Tandika slesi za kitunguu juu ya foili, weka mnofu, nyanya iliyokatwa, kitunguu saumu kilichopondwa na kijiko cha mafuta, funga kingo kabisa mvuke usitoke. Oveni ya nyuzi 200 itauivisha kwa dakika 15 hivi. Huna oveni? Sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, dakika 15 hadi 20. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni hadi likalainika linafanya kazi ile ile ya foili, na linaongeza harufu nzuri. Ukifungua, elekeza upande wa kufungulia mbali na uso wako, na watoto wasisogee.

Mchuzi wa nazi ndio utakaowarudisha watoto kwenye samaki, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu. Kaanga kitunguu kikubwa kimoja mpaka kiwe cha dhahabu, tia punje tatu za kitunguu saumu na tangawizi kiasi cha kidole gumba, kisha nusu kijiko cha chai cha manjano. Tia nyanya tatu zilizokunwa. Hapo usikimbie: pika dakika nane hadi kumi, mpaka mafuta yajitenge pembeni, la sivyo mchuzi utabaki na uchachu wa nyanya mbichi. Mimina kikombe kimoja cha tui jepesi, chemsha dakika tano. Onja chumvi ukikumbuka samaki ana ya kwake. Mchuzi uwe mzito kuliko unavyoutaka mezani, kwa kuwa samaki ataongeza maji yake.

Punguza moto. Panga vipande vikubwa vya upana wa sentimita tano, safu moja tu, ufunike dakika tano. Mwiko uweke mbali. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa vitambaa pande mbili uitikise kidogo. Sasa tia kikombe cha tui zito, ngoja lianze kutikisika pembeni, dakika mbili au tatu, na uzime. Likichemka kwa nguvu, mafuta ya nazi yanaachana na maji na tui linakatika. Linalika, ila uzuri wake umekwenda. Ndimu nayo itie baada ya kuepua. Ukitumia tui la kopo la mililita 400, nusu ichanganye na maji iwe tui jepesi, nusu iache nzito.

Sangara aliyebaki akae kwenye friji si zaidi ya siku mbili. Wa kukaanga au wa foili mgeuze katlesi: gramu 250 za samaki aliyechambuliwa, nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake ili visinywe maji, kitunguu kilichokatwa vidogo, giligilani, na yai moja la kuchovyea. Mchanganyiko ukilegea, ongeza vijiko viwili vya chenga za mkate na uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kukaanga, zisipasuke.

Na ukipata minofu ya sato badala ya sangara, mambo yote ni hayo hayo isipokuwa muda. Ni myembamba, mara nyingi sentimita moja tu, kwa hiyo dakika mbili upande wa kwanza, moja wa pili, na kwenye mchuzi dakika tatu kabla ya tui zito.

Wasalimie wajukuu zangu, na uniandikie mchuzi ulivyotoka.

Mama yako