Kwa wakuu wa idara: ingieni darasani kabla ya kugawa tuzo

Wanangu wakuu wa idara na wahadhiri wa vyuo vyetu vya Mwanza, mwangaluka.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilialikwa kwenye hafla ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ilipofika zamu ya tuzo ya mwalimu kijana bora, akaitwa mwanafunzi wa uzamili anayeendesha semina za mwaka wa kwanza. Nilifurahi sana, maana watu hawa ni nadra kukumbukwa. Baada ya chakula nikauliza amepatikanaje. Nikajibiwa kwamba wanafunzi walipiga kura kwenye kundi la WhatsApp, na kwamba kijana huyo wanampenda kwa sababu huwaonyesha maeneo ya kusoma, yaani mada zitakazoulizwa, kabla ya jaribio, na kwenye alama za kazi za semina hagombani na mtu. Nikauliza kama kuna mhadhiri yeyote aliyewahi kuketi kwenye semina yake. Hakuna hata mmoja.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule, kazi ambayo siku hizi inaitwa uthibiti ubora. Nimekaa kwenye madawati ya nyuma Magu, Sengerema na Ukerewe. Katika shule ya msingi isiyo na hata dari, mwalimu hasifiwi wala hakemewi mpaka mtu asome andalio lake la somo, afungue madaftari ya watoto, akae kipindi kizima mwanzo hadi mwisho. Leo nyinyi wenye shahada tatu tatu mnampima mwalimu kwa kura za simu! Inaniuma, wanangu.

Na si kwamba walimu wazuri hamna. Hapo hapo chuoni yupo binti wa uzamili aliyeniruhusu niketi kwenye semina yake ya takwimu. Chumba kidogo, wanafunzi wamebanana hadi mlangoni. Akaandika ubaoni mapato ya siku moja ya watu kumi wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki: vijana tisa wa mtumbwi, kila mmoja shilingi 10,000, na tajiri mwenye mitumbwi, shilingi 310,000. Akawaambia watafute wastani. Wakapata 40,000. Akauliza: kati ya hawa kumi, nani amepata 40,000? Kimya. Hakuwajibia. Alisimama pale na chaki mkononi, akawaacha wahangaike, mpaka kijana mmoja aliyejikunyata nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba wastani umekosewa. Wenzake wakacheka. Binti akawanyamazisha kwa jicho, akamwita kijana ubaoni afanye hesabu upya. Alipopata 40,000 ile ile, binti akamwuliza, "Sasa kama hesabu ni sahihi, kwa nini ulihisi haiko sawa?" Kijana akatazama zile namba, kisha akasema: tajiri amewavuta wote. Hapo ndipo somo la namba ya katikati lilipoanza, na kijana huyo ndiye aliyelianzisha.

Kijana alikosea, na kosa lake likawa mlango wa somo. Mwalimu wa namna hiyo mkaguzi anaweza kumsubiri miaka. Na kwenye hafla jina lake halikutajwa, kwa sababu alama zake ni za haki na maeneo ya kusoma hagawi. Wahenga walisema chema chajiuza. Darasani hakijiuzi, wanangu. Kinabaki humo ndani ya kuta nne mpaka mtu mwenye jicho aingie akione.

Sisemi wanafunzi wasiulizwe. Waulizwe, tena kwa maandishi, na swali liwe ni kitu gani walikuwa hawakielewi na sasa wanakielewa, na mwalimu alifanya nini hata wakakielewa. Mkiwauliza wanampenda nani, watawatajia mkarimu wa alama.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wana tuzo maalumu kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofundisha. Wana pia tuzo ya pili, ambayo anayeitaka huandika tatizo moja alilokutana nalo darasani, alilitatua vipi, na alijuaje kwamba dawa imefanya kazi. Jambo hilo linahitaji karatasi moja na mtu wa kuisoma. Nyinyi linawashinda nini?

Msiniambie vyuo vyetu ni vichanga. Nyegezi ilianza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii, ikawa chuo kikuu, hiki cha Mtakatifu Augustino (SAUT), mwaka 1998. Ni kweli, kwa chuo kikuu umri huo ni mdogo, na ndiyo sababu napiga kelele sasa, kabla tabia mbaya haijawa desturi. Mpaka leo mhadhiri anapanda cheo kwa makala zake kwenye majarida, na ufundishaji unaguswa juu juu. Kijana wa uzamili analiona hilo. Anajua kwamba saa aliyoitumia kusahihisha kazi za watoto wa watu kwa makini ni saa aliyoiibia tasnifu yake, na hakuna atakayemuuliza habari zake.

Na sisi huku mtaani tumewaharibu. Kamati ya harusi inachangisha mamilioni kwa wiki chache. Mwalimu akistaafu tunampa kitenge na picha ya pamoja. Mgeni rasmi aliyefika saa mbili nyuma ya ratiba anapewa ngao, aliyefundisha mwaka mzima anapanga viti. Mtoto akisema anataka ualimu, mzazi anakunja uso. Kisha tunalalamika kwamba wahitimu hawajui kitu! Walifundishwa na nani, na huyo aliyewafundisha nani alimwambia ahsante?

Nanyi vijana wa uzamili, hata madaktari mnaosomea ubingwa na kuwafundisha wadogo zenu kando ya vitanda vya wagonjwa, nawapenda na kazi yenu naiona. Tunzeni maandalio yenu. Alikaneni kwenye semina zenu, mmoja amtazame mwenzake na amwambie ukweli. Msinunue upendo wa wanafunzi kwa alama.

Mengine kwa kifupi. Tuzo itolewe kila mwaka, isingoje mfadhili. Sababu za ushindi zisomwe hadharani, siyo jina tu. Barua yake iingie kwenye faili, imsaidie kijana siku anapoomba kazi. Anayemsimamia mtu tasnifu asiwe mwamuzi wake. Na mwaka wa masomo ukifunguliwa, kila mkuu wa idara aketi walau kwenye semina moja ya kila kijana wake, kipindi kizima, simu ikiwa imezimwa.

Hata hivyo, kabla ya ngao na cheti, walipeni posho zao za semina. Wapo wanaodai tangu muhula uliopita, na wamesahihisha mitihani yenu yote.

Mimi mzee wenu,
mkaguzi wa shule mstaafu, Mwanza