Kifungu cha 130 kimemwacha mke nje

Ndugu mhariri,

Juzi nasubiri daladala hapa Mwanjelwa, kina mama wawili wanaongelea binti wa jirani yao, mmoja akasema "yule si keshaharibiwa", yaani kabakwa, hilo neno halijanitoka kichwani. Kuharibiwa, kama nyanya zilizopondeka kwenye tenga! Hata lile la zamani, kunajisi, maana yake ni kutia uchafu, kwahiyo aliyefanyiwa ndo anakuwa mchafu na aliyefanya anaondoka zake msafi.

Nikiwa mdogo kule Rungwe kesi ya namna hiyo iliishia barazani kwa wazee, baba wa binti akapewa ng'ombe, yule dada hata kwenye kikao hakuitwa. Si aliyeonekana kaibiwa ni baba.

Halafu 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, ile wengi wanaiita SOSPA, na kusema ukweli ilisaidia sana: mbakaji kifungo kisipungue miaka 30, akimbaka mtoto chini ya miaka 10 ni maisha, na mwanamke halazimiki kuonyesha majeraha ili aaminike kuwa alikataa, maana wapo wanaoganda kwa woga jamani hata kelele hazitoki. Mwaka huohuo pale Arusha mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, kwenye kesi ya Akayesu aliyekuwa meya huko Rwanda, ikasema kubaka kunaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Sasa soma kifungu cha 130 cha kanuni ya adhabu taratibu. Ubakaji ni kwa mwanamke asiye mke wako, au mke mliyetengana. Anayelala na wewe chumba kimoja, hapana yake haihesabiki! Na binti wa miaka 15 akishaolewa naye humohumo. Waingereza waliotutawala, majaji wao waliitupa hiyo kinga ya mume 1991, sisi miaka saba baadaye tukaiandika kwenye sheria mpya tena tukapiga makofi.

Nilimwambia shemeji yangu haya, akacheka, "mahari nimelipa mimi". Nikamuuliza kwani ulilipa nini, akasema ng'ombe.

Naomba gazeti lako liwaulize wabunge wetu wa Mbeya, Iringa na Njombe, mmojammoja, hayo maneno ya "asiye mke wake" wanayaacha mpaka lini.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya